Kompresa ya besi MXR M87: miezi miwili niliiseti ovyo

Jamani hii MXR M87, pedali ya gitaa la besi inayobana noti kubwa zisizidi sana zile laini, niliinunua mkononi kwa mtu hapa Kampala, laki tano na nusu, boksi hana, adapta hana. Nikasema naandika nikishaizoea, maana wiki ya kwanza ningeitukana tu.

Mimi napiga besi kanisani, ibada ya Kiswahili, nusu ya kwaya ni Wakongo, kwa hiyo mnajua ilivyo, wimbo unaanza pole pole halafu sebene, ile sehemu ya mbio ya kucheza, inalipuka. Hapo ndo palikuwa na shida. Kwenye pole pole noti zangu hazisikiki, sebene ikiingia kidole gumba kinapiga waya spika inakohoa, mtu wa mitambo ananionyesha punguza, nikipunguza wimbo unaofuata ananionyesha ongeza. Kila Jumapili.

Sasa pedali ina nobu tano: Inputi (sauti inayoingia), Autiputi (inayotoka), Ataki (inaanza kubana upesi kiasi gani), Rilisi (inaachia upesi kiasi gani) na Resho (inabana kwa ukali kiasi gani). Nikatafuta nobu ya threshodi, ile ya kuamua sauti ikifika wapi ndo ianze kubanwa, sikuiona, nikadhani nimeuziwa feki. Kumbe hii kitu threshodi yake haisogei, iko palepale, wewe ndo unaisukumia sauti kwa Inputi. Ukiongeza Inputi unabana zaidi. Mimi nilidhani ni volyumu bana! Nikaifungua mpaka mwisho, Resho nikaweka 20 kwa 1, besi ikawa kama mtu anapiga godoro. Noti zote sawa, hakuna uhai, na nikinyamaza tu mngurumo wa zile taa za tyubu unapanda wenyewe, kwa sababu kompresa imeachia na Autiputi nimeiongeza, kwa hiyo inakuza hata takataka.

Kilichonisaidia ni zile taa kumi ndogo. Hazionyeshi sauti yako ni kubwa kiasi gani, zinaonyesha imebanwa kiasi gani, na hapo ndo mtu anachanganyikiwa. Nikaanza upya: Resho 4 kwa 1 (yaani ukiipita threshodi kwa desibeli nne, yeye anakupa moja), Inputi chini kabisa, nikapiga waya wa E kwa nguvu yangu ya sebene, siyo ile nguvu ya chumbani, nikaongeza kidogo kidogo mpaka taa tatu nne zinawaka kwenye noti kubwa na kwenye noti laini haziwaki kabisa. Halafu Autiputi, pedali nawasha nazima nawasha nazima mpaka sauti inalingana. Hii msiiruke, maana ikiwa kubwa zaidi sikio linakudanganya kwamba imekuwa tamu.

Ataki nimeiweka pole ili ule mdundo wa kidole upite kwanza. Rilisi ndo ilinisumbua kuliko zote, ikiwa ndefu noti za sebene zinafuatana haraka kabla haijaachia, zote zinazama, nikaifupisha mpaka taa zinazima kabla ya noti inayofuata. Kwa nyimbo za kuabudu naweza kuirefusha, ila nani atainama kugeuza nobu katikati ya ibada.

Adapta nunueni ya maana, volti 9, hasi katikati ya plagi. Ile ya bei chee niliyoanza nayo, nimechangia na pedali nyingine mbili, ilikuwa inavuma, fundi mmoja wa Katwe, hapa hapa Kampala, akaitengea hii adapta yake peke yake, kelele ikapungua sana.

Pesa yangu siijutii. Vidole vyangu bado vibovu wimbo ukienda mbio, hilo haijalitibu.

Kilichobaki ni mtu wa mitambo. Miksa yake ni ya dijitali na ina kompresa kwa kila chaneli, nahisi kwenye yangu ameiwasha, kwa sababu mazoezini besi inapumua vizuri na Jumapili inarudi godoro. Nikimuuliza anasema kaka sijagusa kitu. Wiki hii nafika saa moja asubuhi kabla yake, nataka nikaone hiyo chaneli kwa macho yangu.