Leso au jinzi kwa aproni ya mtoto?

Mtoto wa miaka 5 au 6 akitaka kushona aproni yake, hapa Mombasa vitambaa viwili viko karibu: leso (yaani kanga) ya Biashara Street, au suruali ya jinzi kutoka mitumba ya Kongowea.

Mimi nachagua leso. Ni pamba nyepesi, sindano hupenya hata kwa nguvu ya vidole vidogo. Ifueni kwanza, maana leso mpya ina wanga na huweza kutoa rangi. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 40, jina, yaani yale maneno yaliyochapwa kwenye leso, likae kifuani. Tafuta leso yenye jina fupi lisije likakatika katikati. Watoto hupenda sana kulisoma jina hilo, hata kwa herufi moja moja! Kunja ukingo mara mbili usifumuke, piga bandi (mishono mirefu ya kushikiza) kwa uzi wa rangi nyingine, kisha mwache yeye apitishe sindano juu ya bandi hiyo, ikizama na kuibuka. Mishono ikienda upogo, usiifumue.

Jinzi ina pindo tayari, na mfuko wa nyuma ni mzuri wa kutilia mwiko. Lakini penye mikunjo sindano hukwama, na kazi yote humrudia mama na cherehani. Hiyo ngojea afike miaka 9 hivi.

Kwa mafuta, jinzi inashinda, hayapenyi haraka. Hata hivyo, mtoto asisogezwe kwenye karai la mahamri kwa kuwa tu amevaa aproni. Ya leso inatosha kabisa kwa kukanda unga.