Saa mbili ndani ya Galleria Borghese, na kahawa chini ya picha za Tiepolo

Baba yangu alichonga vinyago Mwenge, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka thelathini. Alinifundisha kwamba kitu cha kuchongwa hakipimwi kwa mbali, kwa sababu kwa mbali kila kitu kinapendeza. Sogea, angalia alipochoka fundi. Ndivyo nilivyoitazama Roma tulipokwenda na dada yangu kwa siku nne mwezi wa tatu.

Nyumba ya wageni tuliyofikia, karibu na stesheni ya Termini, ilikuwa imejitangaza kwa "umaridadi wa Kiitaliano". Fremu za dhahabu chumbani zilikuwa plastiki, na ile ya kioo ukiipitishia kidole rangi inabaki mkononi. Iliniuma, maana fedha tuliyolipa hatukuiokota.

Kesho yake tukapanda basi namba 910 hadi Galleria Borghese, makumbusho ya sanaa. Kwanza habari ya tiketi, kwa sababu hapa wengi wanaumia. Watu huingia kwa zamu, kila zamu ni ya muda wa saa mbili, na lazima ukate mapema. Sisi tulichelewa, zamu zikawa zimeisha, tukanunua kwa dalali wa mtandaoni aliyetutoza karibu mara mbili. Kata kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, wiki kadhaa kabla. Jumatatu pamefungwa. Mabegi unayaacha chini kabla ya kupanda, na muda wako ukiisha unatoka kweli.

Mimi huo utaratibu wa zamu naushukuru. Watu wanakuwa wachache kiasi kwamba unaweza kuizunguka sanamu mara tatu bila kusukumwa na mtu.

Nyumba yenyewe ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya Kardinali Scipione Borghese, mpwa wa Papa Paulo V, mtu aliyependa sanaa kwa uroho. Kuta ni marumaru za rangi rangi, dari zimechorwa kila mahali. Nilizipita haraka. Nilikuwa namtafuta Bernini, mchongaji wa sanamu.

Katika "Apollo na Dafne", aliyoifanya kati ya 1622 na 1625, mungu Apollo wa hadithi za kale anamkimbiza msichana, Dafne, na msichana anageuka mti wa laurel mikononi mwake. Zamani iliwekwa hivi kwamba ukiingia unaona mgongo wa Apollo kwanza, kisha ukisogea ndipo mti unakufunukia. Leo iko katikati ya chumba, lakini nakushauri uanzie nyuma vilevile. Nenda polepole. Utaona gamba la mti linapanda kiunoni, vidole vya miguu vinatoa mizizi, halafu vidole vya mkono vinachipua majani. Niliinama nikayatazama yale majani dhidi ya dirisha: mwanga unapenya. Jiwe hilo! Sehemu ya kazi hiyo nyembamba ilifanywa na msaidizi wake, Giuliano Finelli, na nafurahi kwamba jina lake halikupotea, kwa sababu karakana nyingi jina linabaki la mwenye karakana tu.

Chumba kingine yuko Pluto, mungu wa kuzimu, anayembeba msichana Proserpina kwa nguvu. Bernini alikuwa na miaka kama 23 alipoimaliza. Vidole vya Pluto vimezama kwenye paja la msichana, nyama imebonyea na kujaa pembeni ya kila kidole, na shavuni kuna chozi limesimama. Dada yangu, ambaye huwa hapendi makumbusho, alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, huyu mtoto anaumia." Tulikaa pale hadi mlinzi akaanza kututazama.

Picha sita za mchoraji Caravaggio zipo pia. Ile ya Daudi akishika kichwa cha Goliathi, ambacho mchoraji alikipa sura yake mwenyewe, itazame mwishoni, vinginevyo hutaona nyingine. Kwa sanamu ya Paolina Borghese, kazi ya mchongaji Canova, tazama godoro alilolalia, mikunjo yake na pale lilipobonyea kwa uzito wake.

Siku ya mwisho tulipanda Monte Mario, kwenye hoteli ya Rome Cavalieri. Hatukulala, bei zake ni za nyota tano. Tulikwenda kunywa kahawa, kwa sababu ukumbini pana picha tatu kubwa za Giambattista Tiepolo, mchoraji wa Venice wa karne ya 18. Nilidhani tutazuiwa mlangoni. Mhudumu alitukaribisha, akatupa viti tunavyovitaka, na hakuna aliyetuharakisha. Pale hakuna zamu. Unashusha kikombe, unainua macho, vitambaa vya hariri alivyochora Tiepolo vinang'aa kama vimepigwa pasi sasa hivi. Nikasogea karibu kama nilivyofundishwa: ni mipigo michache tu ya brashi, ya haraka, na kila mmoja umekaa mahali pake. Baadaye tukatoka barazani, kuba la Mtakatifu Petro likiwa chini yetu.

Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, lipia Borghese, ulale popote palipo safi.

Niliporudi Dar nilimwonyesha baba picha za yale majani kwenye simu. Alizikuza kwa vidole, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Huku ndani aliingiza chombo gani?" Nikamwambia keekee na tupa, kama wewe, baba. Akaomba simu tena. Mwezi wa kumi na moja tunakwenda wote wawili, na tiketi nimeshakata, zamu ya kwanza, saa tatu asubuhi.