Waliunganisha bomba likiwa na maji, wakapiga simiti juu yake

Nyota moja. Huenda nikabadilisha nikifika chini, lakini naanza na moja kwa sababu ukuta bado umelowa.

Bomba la PPR, lile la plastiki linalounganishwa kwa kuchomelea, haliunganishwi likiwa na maji ndani. Kijana yeyote aliyeshika ile mashine ya kuchomea kwa wiki mbili anajua hilo. Hawa mafundi walionijia Kireka, nje kidogo ya Kampala, walikuja na gari lenye jina la kampuni mlangoni, ovaroli za rangi moja na kitabu cha risiti chenye muhuri, halafu wakachomelea elbo (kona ya bomba) ya milimita 20 huku maji yanachuruzika ndani yake. Jioni ile ile wakaziba kwa simiti, wakabandika vigae, wakachukua pesa yote. Kwa heri mama, asante mama.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Upande wa wapangaji, bomba linalopanda kwenda kwenye shawa lilipasuka pale plastiki inapokutana na uzi wa shaba. Huo ni ugonjwa wa kawaida: mtu anakaza shawa kwa nguvu zote, uzi wa shaba unapanuka, plastiki inayoushika inapata ufa. Dawa yake ni kutoa vigae vichache, kukata kipande, kuweka elbo mbili mpya na kipande cha sentimita 40, kupima kwa presha, kisha kusubiri hadi kesho yake ndipo ufunge ukuta.

Sasa angalieni maji ya nyumba yanavyokwenda, maana hapa ndipo walipoharibu. Nyumba nyingi za huku Kampala zina njia mbili. Maji ya National Water, shirika la maji la taifa, yanapita kwenye mita na kwenda moja kwa moja kwenye makoki, na yakiwapo yanajaza pia tangi lililo juu ya mnara. Yakikatika, tangi linashusha maji yake kupitia valvu inayozuia maji ya chini yasirudi juu. Kwa hiyo ukifunga stopkoki ya kwenye mita peke yake, hujafunga maji. Umeliita tangi lishushe ya kwake.

Kijana alifunga mita. Nikamwambia, mwanangu, na tangi pia. Akapanda, akazungusha geti valvu, ikagoma katikati, akashuka akasema imefunga. Haikufunga. Geti valvu iliyokaa miaka inakusanya tope na kutu kwenye kikalio chake. Mkono unazunguka, lakini lile bamba la ndani halifiki chini, na maji yanaendelea kupita kama uzi. Ilitakiwa wamwage tangi, au wafungue valvu hiyo na kuweka boli valvu ya inchi 1, ile yenye mkono wa kugeuza robo mzunguko, ambayo unaona kwa macho kama imefunga au haijafunga. Ni kazi ya nusu saa. Hawakuifanya.

Hata bila hiyo, kulikuwa na njia. Unafungua koki ya chini kuliko zote kwenye uwanja, ile ya kufulia. Unafungua shawa ya juu ili hewa iingie. Unangoja bomba liache kutoa maji kabisa, unalikausha kwa kitambaa hadi ndani. Na kama bado linachuruzika kidogo, mafundi wa zamani wana ujanja wa mkate: unachukua sehemu laini ya mkate mweupe, bila ganda, unaisokomeza ndani ya bomba mbali na mahali pa kuchomea. Inayazuia maji kwa dakika chache, kiungo kinashika, halafu mkate unalainika na kutoka wenyewe ukifungua koki, mradi umeshaondoa kichwa cha shawa usije ukazibua huku ukaziba kule.

Kuchomelea PPR ni kazi ya kuhesabu. Mashine iwe nyuzi joto 260. Bomba la milimita 20 unalipasha sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Kwa la 20 unapiga alama ya penseli milimita 14 na nusu kutoka ukingoni, unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha, unashikilia, kisha unaliacha kama dakika 2 bila kuligusa. Ukizidisha muda, plastiki inamiminika ndani na kubana tundu, na baadaye mpangaji analalamika shawa haina nguvu. Ukipunguza, vipande vinagusana tu bila kuwa kitu kimoja.

Na ukiweka maji? Tone likigusa plastiki ya nyuzi 260 linageuka mvuke papo hapo. Mvuke unatafuta pa kutokea, na mahali palipo laini ni pale pale kwenye kiungo. Unatoboa njia. Wakati huo huo upande uliolowa maji unapoa kabla haujashika. Unabaki na kiungo kinachoonekana kizima kwa nje.

Halafu jaribio lao. Wakafungua tangi, wakaangalia kama dakika kumi, pakavu, mama njoo uone. Mnara wangu una mita 6. Mita 10 za kimo ndizo zinazotoa presha ya baa 1, kwa hiyo tangi langu linasukuma baa 0.6. Hiyo si presha ya kupima kitu. Usiku watu wakilala na makoki ya mtaa mzima yakifungwa, presha ya National Water inapanda mara kadhaa kuliko hiyo, na ndipo kiungo kibovu kinapoanza kutema. Mchana kikavu, usiku kinavuja. Fundi ameshalala kwake.

Kupima ni hivi: unaziba ncha zote, unajaza bomba maji polepole huku ukitoa hewa, unafunga pampu ya mkono yenye saa ya presha, unapandisha hadi baa 10. Sindano itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu PPR inatanuka, hilo lisikutishe, unapandisha tena baada ya dakika 10, na tena. Kisha unaacha saa nzima. Ikiendelea kushuka, kuna mahali panavuja, usiruhusu mtu ashike kijiko cha simiti. Niliwauliza pampu iko wapi. Iko ofisini, mama.

Wiki kama tatu zikapita, nikaletewa bili. Mwenye nyumba mwingine hapo angeanza kugombana na wapangaji, nani anafua sana, nani ana wageni. Msigombane na mtu kabla hamjaiuliza mita. Funga makoki yote. Funga pia maji yanayoingia kwenye tangi, kwa sababu tangi likiwa linajaa mita itazunguka na itakudanganya. Kisha mulika tochi kwenye kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita, kinachozunguka maji yakipita. Changu kilikuwa kinazunguka, polepole lakini bila kusimama. Nikasoma tarakimu za lita, nikangoja nusu saa, nikasoma tena: lita 10. Hizo ni lita 480 kwa siku, zaidi ya uniti 14 kwa mwezi, uniti moja ikiwa lita 1,000. Mnaochota kwa jerikeni za lita 20 hesabuni wenyewe: jerikeni 720 zimeingia ndani ya ukuta wangu kwa mwezi.

Nikapiga simu. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, kuliko hata kwenye lile elbo.

Msimamizi wao hakuuliza mita inasemaje. Akasema, "Mama, nyumba yako ni ya zamani, hiyo ni unyevu wa ardhi." Nikamweleza: unyevu wa ardhi unapanda kutoka chini, unafuata ukuta kwa urefu wake, unaacha chumvi nyeupe karibu na sakafu, na hauzungushi mita. Wangu ni duara, kitovu chake kiko usawa wa kifua, pale pale walipofanya kazi, na rangi ya chumba cha kulala upande wa pili imeota malengelenge. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyinyi malandilodi mnapenda vya bure."

Vya bure! Nililipa siku ile ile, yote, bila kupunguza hata shilingi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inanitaka nyumba ninayopangisha iwe inafaa mtu kuishi, na ni haki, mtoto wa mpangaji asilale kwenye ukungu. URA, watoza ushuru wa serikali, nao wanachukua asilimia 12 ya kodi ya pango inayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na mtu binafsi haruhusiwi kutoa kwanza gharama za matengenezo. Kila ukuta ninaoubomoa mara ya pili ni pesa yangu moja kwa moja. Halafu mtu ananiambia napenda vya bure. Kama kungekuwa na nyota ya kuchukua, ningeichukua.

Lakini niseme kweli yote. Baada ya simu nyingi walimtuma mtu mwingine, mzee mmoja mpole, hana ovaroli. Huyu ningempa nyota tano na kuongeza. Hakugusa ukuta kwanza. Alikwenda kwenye mita, akaangalia kinyota. Akapanda kwenye tangi, akatikisa ile geti valvu, akasema, "Mama, hii ilikufa zamani." Akaibadilisha kabla ya kitu kingine chochote. Kisha akagonga vigae kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi, akaweka alama ya chaki kwenye vilivyolia vitupu. Vilikuwa 14. Wale vijana hawakupaka gundi ya vigae kwa mwiko wa meno. Walitupia mabonge matano ya simiti nyuma ya kila kigae, wakaacha mapango, na maji yalishukia humo humo hadi kwenye sakafu ya chumba cha pili. Ndiyo maana ufa mdogo ulilowesha eneo kubwa vile.

Alipokata lile elbo aliligawanya kwa msumeno katikati, akaniwekea nusu mbili mkononi. Kiungo kizima kina pete mbili za plastiki iliyofura kidogo, zinazunguka bomba lote sawasawa. Hili lilikuwa na pete upande mmoja tu. Upande wa chini, ambako maji yalikuwa yanapita, plastiki ilikuwa imekauka bila kushikana, ina vitundu kama sifongo, na kimoja kilikuwa mfereji mwembamba unaoweza kupitisha sindano ya kushonea. Nusu moja ninayo hadi leo dirishani.

Akaunganisha upya, akapima kwa pampu, pampu yake mwenyewe aliyoibeba kwenye boda boda, saa nzima amekaa kwenye kigoda anaiangalia sindano. Akakataa kuziba. Akasema ukuta wa matofali ukinywa maji wiki tatu haukauki kwa siku mbili, fungua madirisha, ngoja. Akanifundisha kubandika kipande cha nailoni chenye upana wa mkono kwenye ukuta, kingo zote zibandikwe kwa utepe wa gundi, na kukiacha usiku na mchana. Ukikuta matone kwa ndani, usipige lipu wala rangi, vitabanduka.

Kwa hiyo hapo nilikuwa tayari kuandika nyota tatu. Kampuni iliyo na mzee kama huyo haiwezi kuwa mbaya yote, nikawaza, na aliyekosea ni kijana aliyetumwa bila mtu wa kumwangalia. Mtu akiniuliza kama wanajua kazi, jibu ni ndiyo, mmoja wao anajua sana. Ukiwaita, taja kwamba unataka pampu ya presha ije siku ile ile, na bakisha theluthi moja ya pesa hadi kinyota cha mita kikae kimya usiku mmoja mzima. Wakikataa hilo, usiwafungulie geti.

Kisha ikaja karatasi yao. Wamenitoza usafiri wa mzee. Wamenitoza elbo mbili mpya. Na vigae 14 wanasema si juu yao, kwa sababu vilivunjwa "wakati wa kutafuta tatizo." Tatizo la nani? Vigae vile ni vya sentimita 25 kwa 40, na boksi la akiba nililokuwa nalo lilikwisha mara ya kwanza. Aliyewahi kutafuta kigae cha zamani anajua: jina ni lile lile, namba ya toleo kwenye boksi ni nyingine, na rangi ukiiweka kando ya ile ya zamani inatofautiana. Nimezunguka maduka ya Nakasero nimekipata kinachofanana mchana na kutofautiana taa ikiwashwa.

Nimerudi kwenye nyota moja. Mzee anisamehe, hii si yake. Jana nimebandua nailoni, bado ina matone. Mpangaji wangu anaoga kwa ndoo kwenye bafu la jirani, na nimempunguzia kodi mwezi huu. Vigae 14 wakivirudisha ukutani kwa gharama yao, vya rangi moja, nitarudi hapa kuandika tatu.