Bustani ya Forodhani kwa jicho la mzazi

Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikiwapeleka wanangu wawili, wa miaka minne na wa miaka tisa, katika Bustani ya Forodhani hapa Unguja kila Jumamosi alasiri. Nimeona ni haki niieleze bustani hii kama mahali pa watoto kucheza, kwa sababu wengi walioiandika wameitazama usiku tu, wakati wa mishikaki, urojo na maji ya miwa. Vyakula hivyo vina sifa zao, nami sitavigusa isipokuwa pale vinapohusu usalama wa mtoto.

Bustani iko mbele ya Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, na upande wa pili imepakana na bahari. Wazee huikumbuka kwa jina la Jubilei, kwa kuwa ilitengenezwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, mwaka 1936. Sura yake ya leo imetokana na matengenezo makubwa ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni yaliyokamilika mwaka 2009, ambapo ukuta wa bahari uliimarishwa, njia zikasakafiwa, taa zikawekwa upya na watoto wakatengewa sehemu yao. Kuingia ni bure, na kwa familia yenye watoto wengi hilo ni jambo kubwa.

Nilidhani mwanzoni kwamba wanangu watavutwa na vifaa vya kuchezea, lakini yule mkubwa hupita pale dakika chache tu kisha akaenda kwenye majani kucheza foliti na watoto ambao hajapata kuwaona kabla ya siku hiyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayomfanya ahemeke, na kwa mtoto wa miaka 3 na 4 linapendekeza dakika 180 za kujishughulisha kwa siku nzima, na kati ya hizo 60 ziwe za nguvu. Wanangu huzipata hapa bila ya kuhimizwa, kwa sababu pana nafasi ya kukimbia, kivuli cha miti mikubwa cha kupumzikia, na njia pana zisizopita gari wala pikipiki.

Sifa nyingine ni watu wenyewe. Alasiri bustani haiwi tupu: wazee wamekaa kwenye viti wakizungumza, kina mama wamekuja na watoto wao, na wauzaji wanapanga meza kungojea jioni. Mtoto akianguka, wa kwanza kumwinua huenda akawa bibi asiyemjua, atakayempa pole, kumpangusa vumbi na kumuuliza amekuja na nani. Uangalizi wa namna hii hauwezi kununuliwa pamoja na pembea, na ninaamini unapatikana Forodhani kwa sababu mtu mzima naye amewekewa mahali pa kukaa kwa raha.

Nimeona pia kinyume chake. Katika uwanja mmoja wa watoto, ambao sitautaja, tulikuta mtelezo wa bati ulioelekea jua la magharibi na chini yake sakafu ya saruji. Mkubwa aliungua mapaja. Mdogo alianguka kutoka kwenye ngazi na akashonwa nyuzi mbili kidevuni. Tangu siku ile, nikiingia uwanja wowote huangalia chini kabla ya kuangalia juu. Wataalamu wa viwanja vya michezo hushauri chini ya vifaa vya kupanda pawekwe kitu laini kinachopokea anguko, na mchanga uliolegea wa kina cha sentimita 30 hivi unatosha kwa vifaa vya kimo cha kawaida. Mchanga huo hushindiliwa na mvua za masika na nyayo za watoto mpaka ukawa mgumu kama barabara, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuulegeza kwa reki mara kwa mara. Najua kwamba mchanga kwetu Unguja una bei na vibali vyake, lakini kiasi kinachohitajika chini ya pembea mbili ni kidogo mno kikilinganishwa na kinachokwenda kwenye ujenzi wa nyumba moja. Jambo la pili la kupimwa ni nafasi kati ya vyuma: upana wa sentimita 9 hadi 23 ni wa hatari, kwani kiwiliwili cha mtoto mdogo kinaweza kupenya na kichwa kikabaki.

Nikirudi Forodhani, ninalohofia zaidi ni ukingo wa bahari. Vijana huruka kutoka ukutani na kupiga makachu, yaani kujirusha baharini kwa mbwembwe, na watu husimama kuwatazama na kuwashangilia. Vijana hao wanaijua bahari yao, wanajua saa ya maji kujaa na ya kupwa, lakini mtoto wa miaka minne huona mruko tu na hajui kina. Sipendekezi uzio mrefu utakaoifunga bahari, kwani hewa na mandhari ya bahari ndiyo yanayowaleta watu wanaowaangalia watoto wetu. Ningependa kuona mstari wa vichaka vifupi kati ya eneo la watoto na ukuta, na maboya ya kuokolea yakitundikwa karibu na maji.

Jua likianza kuzama mambo hubadilika. Majiko ya mkaa huwashwa, na moto wake uko kwenye kimo cha uso wa mtoto, nao msongamano huwa mkubwa kiasi cha kupoteana na mwanao kwa kufumba na kufumbua. Mimi huondoka kabla ya adhana ya Magharibi, na namshauri mzazi mwenye watoto wadogo afanye vivyo hivyo mpaka meza za vyakula zitengwe wazi na njia za watoto. Ningeomba pia pembea yenye egemeo na mikanda kwa mtoto asiyeweza kujishikilia, maana njia zilizosakafiwa tayari zinamwezesha kufika na kiti chake cha magurudumu.

Kwa yote hayo naipa bustani hii alama nne kati ya tano. Alama ya tano naizuia kwa sababu ya ule ukingo wa bahari.

Wingi wa watoto wa mji huu wanaishi Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na kwa wengi wao Forodhani ni safari ya kupanda daladala. Huko haihitajiki bustani ya fahari. Mti mmoja wenye kivuli, kiwanja cha mchanga kisichoingiwa na gari na kiti cha mtu mzima katika kila mtaa vingetosha kuanzia. Wanangu wana Forodhani siku moja kwa wiki. Siku sita zilizobaki hucheza nage baina ya magari yaliyoegeshwa chini ya nyumba yetu, nami huwaangalia kutoka dirisha la ghorofa ya tatu.