Peasi lipi ununue: lenye shavu jekundu, la kijani au la Lushoto?

Kwanza tutenganishe mambo: pera ni lile la mbegu nyingi linaloota hata uani, peasi ni hili la shingo nyembamba na kitako kipana. Nataja hivyo kwa sababu kama kilichokutoa nyumbani ni vitamini C, nenda moja kwa moja kwa muuza mapera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini hiyo. Peasi halifikishi hata 5. Peasi tunalinunua kwa nyuzinyuzi, kama gramu 5 na nusu kwa tunda moja la wastani, na kwa antioksidanti, yaani kemikali zinazosaidia kulinda seli za mwili zisiharibiwe, za jamii ya polifenoli: asidi ya klorojeniki, arbutini, katekini na wenzake.

Sasa hizo polifenoli nyingi ziko kwenye ganda. Ukimenya, umetupa sehemu uliyoilipia. Ndiyo maana nimeyapanga mapeasi haya kwa swali moja tu: je, utalila na ganda lake?

Namba moja naipa Forelle. Ni dogo, la manjano, lina shavu jekundu na madoadoa. Jina lake ni la Kijerumani, la samaki aina ya trauti mwenye madoa kama hayo. Wekundu ule ni anthosianini, rangi ileile ya rosela, ambayo mapeasi ya kijani hayana ya kutajika. Kwa kuwa tunda ni dogo, kila tonge linakuja na ganda zaidi, na ganda lenyewe ni jembamba, halikusumbui. Tamu hata likiwa bado gumu kidogo. Kasoro yake ni bei. Ukikutana na mapeasi mekundu mwili mzima, Red Anjou au Starkrimson, yaweke kundi hilohilo.

La pili ni peasi letu la Lushoto, lile linalouzwa kwenye ndoo njiani ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni. Najua wengi watabisha. Ni gumu, na lina chembechembe zinazokwaruza ulimi. Si mchanga, ni seli za tunda zilizokomaa kama mawe. Ndiyo maana watu hulimenya. Mimi nalikata vipande na ganda lake, nalichemsha na mdalasini na iliki, kisha nakunywa na maji yake, maana sehemu ya polifenoli huyeyukia humo. Msimu ukikolea unapata ndoo kwa bei ambayo dukani ingekupa mfuko mdogo.

La tatu ni Packham's, lile la kijani lenye mwili wa mabonde linalotoka Afrika Kusini na kujaa supamaketi. Asili yake ni Australia, miaka ya 1890, mzazi wake mmoja akiwa Williams, peasi linalofuata hapa chini. Halina wekundu, lakini asidi ya klorojeniki na arbutini zimo, na linadumu kwenye friji. Kwa familia ya kawaida hili ndilo linalolipa.

Williams nimeliweka la nne kwa sababu ya pupa yake: leo gumu, keshokutwa limeoza. Likiwiva vizuri hakuna peasi linalolishinda kwa harufu, na kwa mtoto mdogo au bibi asiye na meno ningelipandisha la kwanza. Ukiona kibandiko cha Bartlett usilipie zaidi, ni tunda lilelile. Lilizaliwa Uingereza, na kule Massachusetts likapewa jina la Enoch Bartlett aliyelikuta shambani bila kujua linaitwaje. Wamarekani wamewahi kulipima maabarani pamoja na Starkrimson, wakakuta ganda lina fenoli nyingi kuliko nyama, na maji yake yanazuia vimeng'enya vinavyovunja wanga. Hiyo ni chupa ya maabara, lakini. Mwenye kisukari asiache dawa kwa sababu ya peasi.

Mwisho ni nashi, peasi la Asia, la mviringo kama tofaa na linalokatika kwa kishindo mdomoni. Kwa antioksidanti halinivutii, na wengi hulimenya. Ila anayehesabu sukari alitazame upya: kalori 42 kwa gramu 100 dhidi ya 57 za mapeasi mengine, na nyuzinyuzi hazipungui.

Ya kopo na juisi iliyochujwa sikuyapanga. Ganda limeondoka, na juisi imeacha nyuzinyuzi kiwandani.

Lolote utakalochagua, mapeasi yana sorbitoli, sukari inayovuta maji tumboni. Ni msaada kwa mtoto aliyekosa choo, ni balaa kwa mwenye tumbo la kujaa gesi. Huyo aanze na nusu.

Dukani usibonyeze tumboni mwa tunda, peasi huiva kuanzia ndani. Bonyeza shingoni karibu na kikonyo: pakilegea kidogo, ulile leo. Likiwa gumu kote, liache mezani pamoja na ndizi mbivu siku mbili tatu. Lioshe kwa maji huku ukilisugua, na ukilikata mapema lipake ndimu, kwa sababu ule weusi unaotokea ni polifenoli zako zinazoungana na hewa.