Uzoefu wangu: wodi ya upasuaji wakati wa mgomo wa madaktari, 2024

Mama aliteleza akavunjika nyonga mwishoni mwa Machi 2024, madaktari wa Kenya wakiwa tayari wamegoma. Tukamlaza hospitali ya kaunti, maana ya kibinafsi iliitisha amana tusiyoimudu. Tabibu wa zamu (yaani clinical officer, si daktari) aliagiza eksirei, ikapigwa siku hiyo hiyo. Aprili ilipoingia, matabibu nao wakagoma.

Wauguzi nawapa alama zote. Usiku wa manane sista alikuwa akija kumgeuza mama na kumkanda mgongo asipate vidonda vya kulalia, wodi nzima ikimtegemea yeye na mwenzake mmoja.

Lakini hospitali huendeshwa na sahihi ya daktari. Maabara ilifunguliwa kila asubuhi, wahudumu wakakaa tu, kwa sababu hapakuwa na wa kujaza fomu za vipimo. Famasi ilikuwa na dawa, ila dawa ya maumivu ya mama haingeweza kubadilishwa bila daktari kuandika. Daktari bingwa aliyebaki alikuwa thieta akiwazalisha kwa upasuaji akina mama waliokuwa hatarini. Nyonga ikangoja. Kilichoniuma zaidi ni binti wa kitanda cha pili: kidonda kimepona, anatembea, ila hakuna wa kumruhusu kwenda nyumbani, na bili ya kitanda inapanda.

Hata hivyo siwalaumu waliogoma. Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya madaktari wanagenzi, yaani walio mafunzoni kazini: mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa Sh70,000. Hao ndio huwatoa wagonjwa damu ya vipimo, huandika faili na kufuatilia majibu usiku. Wasipokuwepo ndipo unaona walivyobeba wodi. Lawama yangu ni kwa waliotia sahihi mkataba kisha wakauacha miaka yote hiyo, mpaka wagonjwa wakalipia.

Mgomo wa madaktari uliisha Mei 8. Sisi tulikuwa tumeshachanga kama ukoo na kumpeleka mama hospitali ya misheni, akafanyiwa upasuaji huko. Ukijikuta katika hali hii, itisha picha za eksirei na barua ya rufaa mapema, usingoje wiki ya pili. Barua nayo hutiwa sahihi na daktari, kwa hiyo mwombe sista akutafutie bingwa pindi anapotoka thieta, kabla hajaitwa tena.