Muvi tatu za makadeti wa majini, kwa jicho la fundi wa sare

Filamu ya wanamaji mie naanza kuitazama kwenye pindo la suruali. Nashona na kupunguza nguo huku njia ya Bububu, si mbali na kambi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo cha Zanzibar, hapo Kibweni, na wateja wangu wengi ni vijana wanaokuja na sare mpya inayowavaa wao badala ya wao kuivaa. Kwa hivyo nikimwona kwenye skrini kuruta wa wiki ya kwanza, shati limemkaa mbavuni utadhani kazaliwa nalo, najua hapo kapita fundi wa sinema.

Muvi zenyewe nilitiliwa kwenye flashi na kijana mmoja mwenye kibanda Mlandege, shilingi 1,000 kila moja. Nilimwambia, "Mwanangu, nataka za jeshi la majini, lakini sitaki mizinga. Nitafutie za chuo, na za mji uliopakana na kambi."

"Mzee wangu, hizo hazina hata risasi. Utasinzia."

"Nitilie hivyo hivyo."

Sikusinzia, isipokuwa kwa moja.

Ya kutoa pesa ni An Officer and a Gentleman ya mwaka 1982. Richard Gere ni Zack Mayo, mtoto wa baharia mlevi. Mama yake alijiua, naye akakulia kwa baba kwenye vichochoro vya nyuma ya kambi ya Wamarekani kule Ufilipino. Sasa anataka urubani wa jeshi la majini, na kwanza lazima apite kozi ya uafisa ya wiki 13. Hiki si kile chuo cha maafisa wa majini wa Marekani, cha Annapolis, cha miaka minne. Hii ni njia ya mkato ya waliokwisha maliza chuo kikuu. Jeshi lilikataa kuwasaidia watengenezaji, wakaenda kupiga picha kwenye ngome ya zamani ya Fort Worden, Port Townsend, jimbo la Washington, kwenye mvua na ukungu, ilhali kozi ya kweli ilikuwa Pensacola, Florida. Mie mvua ile nimeipenda. Nguo ikirowa, mshono mbaya hauna pa kujificha.

Kuna sehemu nimeirudisha nyuma nikaitazama tena. Mayo anaficha darini viatu vilivyokwisha pigwa kiwi na bizimu za mikanda zilizosuguliwa, halafu anawauzia wenziwe usiku wa kuamkia ukaguzi. Magendo ndani ya kambi! Kibweni wasingemchelewesha. Sajenti Foley anapogundua anamtesa wikiendi nzima, kwata na maji ya mpira, amlazimishe aache kozi mwenyewe, mpaka kijana analia kuwa hana pengine pa kwenda. Foley ni Louis Gossett Jr., na kwa kazi hii akawa mwanamme mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji msaidizi. Siku ya kuhitimu, kila afisa mpya anamtilia sajenti yule yule dola moja mkononi na kupokea kwake saluti ya kwanza. Mtu aliyewatukana wiki zote zile sasa anawaita "bwana". Yule hakuigiza, kaishi.

Lakini sababu ya kuiweka juu ni kwamba kamera inatoka getini. Mjini kuna kiwanda cha karatasi, na wasichana wa kiwandani, Paula na Lynette, kila kozi mpya ikiingia wanakwenda kwenye dansi la kambi kutazama nani atawatoa pale. Paula mwenyewe ni mtoto wa kuruta wa zamani aliyemwacha mama yake na mimba. Mama bado yuko pale pale kiwandani, na mtoto anafuata nyayo macho makavu. Anayekaa jirani na kambi yoyote duniani hadithi hii haimshangazi. Sare ikipita barabarani, nyumba za pembeni hazibaki kama zilivyokuwa: kuna anayeifua, kuna anayeisubiri, kuna aliyeahidiwa na mwenye sare akahamishwa kituo.

Lynette anamwambia Sid, rafiki wa Mayo, kuwa ana mimba yake. Sid anaacha kozi, anakuja na pete, na msichana anamkataa, maana alimtaka rubani. Usiku ule ule kijana anajinyonga. Mke wangu hapo alisonya: "Huyu hakumpenda mtu, kapenda kofia." Mie namtetea kidogo. Mwandishi wa hadithi kampa Paula moyo wote, Lynette kaachiwa tamaa peke yake, na kiwanda ni kile kile kimoja. Hapo filamu imepunja.

Mwisho wake ni mashuhuri: Mayo anaingia kiwandani na sare nyeupe pe, anambeba Paula mbele ya mashine, Paula anachukua kofia anaivaa. Gere mwenyewe alidhani utamu umezidi. Mke wangu alilia. Mie nilikuwa nawaza nani ataifua suruali ile.

Onyo: si ya kukaa na watoto, wala na mkwe. Chumbani wanavuka mpaka, tena si mara moja. Kaeni nyinyi wawili, na rimoti iwe karibu.

Ya pili, Annapolis ya mwaka 2006, ndiyo iliyonilaza. Nilipoisikia habari yake niliitamani kuliko zote: Jake, James Franco, ni mtoto wa mji huo huo, kazi yake ni kuunda meli kwenye yadi ya ng'ambo ya mto, kila siku anakitazama chuo. Baba yake yadi hiyo hiyo. Basi si ndiyo yenyewe? Kumbe akishavuka mto, yadi inasahauliwa na filamu inageuka mashindano ya ngumi. Tyrese Gibson ni afisa mkali, Jordana Brewster ni mkubwa wake mzuri wa sura, ngumi, jasho, tena ngumi. Kitu kilichonigusa ni rafiki yake mnene anayeitwa Twins, anayenyanyaswa mpaka anataka kujiua. Hapa pia jeshi lilikataa kushiriki, na sehemu kubwa ikapigwa Philadelphia. Sare zake zimenyooka mno. Kila mtu anaonekana ametoka dukani sasa hivi.

Nami nakala yangu ilikuwa ya kusemewa. Mtafsiri hakunyamaza hata watu walipokaa kimya, na muziki wote kaufunika kwa vichekesho vyake.

Ningekuwa mie mwenye kamera ningeanza na mji wa kweli. Chuo kile kimekuwepo tangu 1845, pembeni mwa mto Severn, kwenye makao makuu ya jimbo la Maryland. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakifunga mwaka wao hupanda mnara wa Herndon, futi 21 za jiwe lililopakwa mafuta mazito, wanapandiana mabegani, wanateleza, wanaanguka, mpaka mmoja aifikie kofia ndogo nyeupe iliyo kileleni na kuweka ya wanafunzi wa ngazi ya juu mahali pake. Na kule kurusha kofia juu siku ya kuhitimu kulianza 1912, kwa sababu siku hiyo wanapata za uafisa, za zamani hazina kazi tena.

Ya tatu, Men of Honor ya mwaka 2000, si ya makadeti hasa, ni ya skuli ya wapiga mbizi. Cuba Gooding Jr. ni Carl Brashear, mtu wa kweli, mtoto wa mkulima wa Kentucky aliyejiunga mwaka 1948. Robert De Niro ni mkufunzi wake, na huyo ni mtu wa kubuni. Tazameni mtihani wa chini ya maji, mfuko wake wa vyombo umechanwa kusudi, naye anatafuta nati moja moja kwenye matope kwenye baridi ya kuua. Mguu aliupoteza kweli, katika ajali ya mwaka 1966 wakati wa kuopoa bomu la nyuklia baharini Hispania, na 1968 akarudishiwa cheti cha kuzamia akiwa na mguu wa bandia. Ile mahakama mwishoni, anapotakiwa atembee hatua 12 ndani ya suti nzito ya kuzamia, ni ya sinema tupu, lakini inakamata. Mji haumo. Nyumbani kumo: baba na redio yake nazikumbuka kuliko bahari yote.

Kijana wa Mlandege mwambieni mapema kuwa hamtaki ya kusemewa, anazo za asili zenye maandishi chini. Men of Honor yangu ilikatika kabla ya mahakama. Nilipomrudia akanibadilishia bila ya maneno, ila flashi nimeikuta imejazwa singeli ambazo sikumwagiza.